Kamera ya Dukani Ione, Isisikilize

Kamera ya ulinzi ambayo mfanyabiashara mdogo anaimudu leo, hasa ile ya Wi-Fi au ya laini ya simu, huja na maikrofoni ndani yake. Ukiitoa kwenye boksi na kuiwasha, mara nyingi inaanza kunasa sauti papo hapo, kabla mwenye duka hajaamua lolote. Fundi ataulizwa picha zitakaa siku ngapi, usiku zitaonekanaje, na kama bosi akiwa Tanga mjini au Dar es Salaam ataweza kutazama duka lake kwenye simu. Suala la sauti halitajwi. Jibu langu kuhusu suala hilo nalitoa mapema: mfanyabiashara wa Kilole, kama mwenzake wa popote Tanzania, azime maikrofoni ya kamera yake. Aiwashe pale tu ambapo ana sababu mahususi, ambayo anaweza kuieleza bila kuona haya mbele ya mteja, mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na mbele ya hakimu.

Nachukua Kilole makusudi. Ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Korogwe, katika mji uliokulia kwenye reli ya Tanga, mashamba ya mkonge na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Mji kama huu hupokea abiria wa mabasi, wafanyabiashara kutoka Handeni na wanafunzi kutoka mikoa mingi, lakini wenyeji wake wanajuana kwa majina, kwa koo na kwa mtaa. Huko Kariakoo sauti iliyonaswa inaweza kubaki sauti ya mtu asiyejulikana. Kilole, maneno matatu yanatosha kumfanya msikilizaji aseme, "Huyu si shemeji yake fulani?" Kwa sababu hiyo, hatari ya maikrofoni ni kubwa zaidi katika mji mdogo kuliko katika jiji, ingawa watu wengi hudhani faragha ni tatizo la jijini.

Picha na sauti hazichukui kitu kilekile

Mwenye duka anapofunga kamera, lengo lake linaeleweka. Anataka kujua nani aliingia, saa ngapi, alishika nini, na kama fedha ziliingia kwenye droo. Picha inayajibu hayo yote. Mteja naye anajua kwamba akiingia mahali pa watu anaonekana, na anaweza kuiona kamera ukutani na kujiweka sawa.

Sauti ni habari nyingine. Chukua duka la dawa muhimu. Mama anaingia, anasubiri wengine watoke, kisha anainama kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "Dada, naomba kipimo cha mimba, cha binti yangu." Picha inaonyesha mwanamke aliyenunua kitu kidogo kwenye mfuko wa karatasi. Sauti inabeba hali ya afya ya mtu wa tatu, binti ambaye hakuwepo dukani na ambaye huenda bado ni mtoto kisheria.

Nenda kwa wakala wa fedha za simu. Mteja anataja namba yake, kiasi anachotoa, na mara nyingine anapiga simu nyumbani palepale kaunta: "Mjomba, hela ya shamba imeingia, natoa laki nane." Kamera inayotazama kaunta imeona mtu akipokea noti. Maikrofoni imejua kiasi, chanzo chake, na kwamba jioni hii kuna nyumba yenye laki nane. Nenda kwenye nyumba ya wageni, ambako mapokezi husikika mazungumzo ambayo wenyewe wangeona aibu kuyarudia. Nenda kwenye benchi la nje ambapo bodaboda hukaa kusubiri abiria: mwenye duka hana biashara yoyote na wanayozungumza, lakini maikrofoni haijui mpaka wa duka.

Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa kisheria. Kamera huelekezwa upande mmoja, na macho yake yana pembe inayopimika. Maikrofoni husikia nyuma ya kamera, pembeni yake, nyuma ya pazia na barazani kwa jirani. Mtu ambaye hakuingia kabisa kwenye picha anaweza kurekodiwa mazungumzo yake yote bila kujua kwamba kuna kifaa karibu. Hakuona kamera, hakusoma tangazo, hakupata nafasi ya kunyamaza.

Sheria inasemaje

Msingi ni Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Haki hiyo ina mipaka ya kisheria, lakini mipaka hiyo huwekwa na sheria, haiwekwi na mwenye kamera.

Kwa muda mrefu ibara hiyo ilikuwa haina sheria kamili ya kuitekeleza. Pengo hilo lilizibwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwaka huohuo zilitungwa kanuni za ukusanyaji na uchakataji wa taarifa binafsi na kanuni za kushughulikia malalamiko. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi Tume inayosimamia sheria hii mwezi Aprili 2024.

Sheria hiyo haina kifungu kinachotaja maikrofoni ya kamera. Wapo wanaodhani ukimya huo ni ruhusa, na hapo ndipo wanapokosea. Sheria inaeleza taarifa binafsi kuwa ni taarifa zinazomhusu mtu anayetambulika, zilizorekodiwa kwa namna yoyote ile. Maneno "kwa namna yoyote" yanatosha kuingiza sauti. Sauti ya mtu anayetaja jina lake, namba yake ya simu, ugonjwa wake au deni lake ni taarifa binafsi, sawa na fomu aliyoijaza kwa kalamu. Mwenye duka aliyeinasa amekuwa mkusanyaji wa taarifa binafsi, akijua au asijue, na majukumu ya mkusanyaji yamemwangukia.

Majukumu hayo yamejengwa juu ya kanuni ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa. Taarifa zikusanywe kwa njia halali, ya haki na ya wazi. Ziwe na lengo lililotajwa. Zisizidi kinachohitajika kwa lengo hilo. Zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Zilindwe zisivuje. Kabla ya kukusanya, mhusika aelezwe kwamba taarifa zake zinachukuliwa, kwa nini, na nani atazipata.

Pima maikrofoni ya duka kwa kanuni hizo, moja baada ya nyingine. Lengo ni kuzuia wizi: je, maneno ya mama wa kipimo cha mimba yanahitajika kumkamata mwizi? Hayahitajiki, kwa hiyo kipimo cha kutozidi mahitaji kimeshindwa. Je, mteja alielezwa? Bango lililoandikwa "Unarekodiwa na CCTV" linamfanya afikirie picha, kwa sababu ndivyo watu walivyozoea kuielewa CCTV. Halimwambii kwamba anasikilizwa. Kwa hiyo hata duka lenye bango linaweza kuwa linarekodi sauti kwa siri.

Kuna sehemu ngumu zaidi. Sheria imetenga kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa. Ndani ya kundi hilo zimo taarifa za afya, taarifa za watoto na, jambo ambalo wengi hawalijui, taarifa za miamala ya kifedha ya mtu. Soma tena mifano ya duka la dawa na ya wakala. Sehemu mbili za kawaida kabisa katika mtaa wowote wa Kilole ndizo ambapo maikrofoni inavuna taarifa nyeti kuanzia asubuhi hadi kufunga. Hakuna mwenye duka anayemwomba kila mteja ridhaa ya maandishi kabla hajafungua mdomo, na hakuna mteja atakayekubali kuitoa. Mahali ambapo ridhaa haiwezekani kupatikana, maikrofoni haina pa kusimamia.

Lazima niseme pia kwamba sheria yenyewe bado inakua. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri la Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iliona kwamba baadhi ya vifungu vyake vinavyohusu ukusanyaji vina utata na ikaitaka Serikali ivirekebishe. Uamuzi huo haukuiondoa sheria. Uliitaka iseme wazi zaidi, na hiyo ni habari njema kwa mteja na kwa mwenye duka.

"Duka ni langu, kamera ni yangu"

Hoja hii husikika sana na inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu inatoka kwa watu waliokwisha kuibiwa. Sheria kweli ina misamaha. Inaacha nje matumizi ya mtu binafsi kwa shughuli zake binafsi, na inalegeza masharti kwa ajili ya kuzuia na kugundua uhalifu.

Msamaha wa kwanza haumfikii mwenye duka. Duka ni mahali pa biashara panapopokea umma. Hata nyumbani msamaha huo una ukingo. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Jamhuri ya Czech, iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia barabara ya umma haiwezi kuitwa ya shughuli za binafsi tu. Mwezi Oktoba 2021 mahakama moja ya Oxford, Uingereza, ilisikiliza mgogoro wa majirani kuhusu kengele ya mlango yenye kamera na kamera nyingine za nje. Jaji aligundua kwamba vifaa hivyo vilinasa sauti kwa umbali mkubwa kuliko picha, zaidi ya meta 12, na akaona kwamba umbali huo hauwezi kuhalalishwa na lengo la ulinzi. Kwa maoni yake, sauti ilikuwa tatizo kubwa kuliko picha, kwa sababu iliwanasa hata watu wasiojua kwamba kifaa kipo.

Maamuzi hayo hayazifungi mahakama zetu. Lakini sheria yetu imejengwa kwa kanuni zilezile za lengo, kiasi na uwazi, na sioni sababu ya hakimu wa Korogwe au jaji wa Mahakama Kuu Tanga kuufikiria umbali wa maikrofoni kwa njia tofauti. Nyumba zetu zimekaribiana. Meta 12 kutoka kwenye kona ya nyumba ya kupanga ni sebule ya jirani, jiko la jirani na uani ambapo watoto wake wanaoga.

Msamaha wa pili, ule wa uhalifu, ni wa kweli, lakini una kazi yake. Unamsaidia mwenye duka anayekabidhi polisi kipande cha tukio la wizi. Haumpi mtu leseni ya kurekodi kila neno la kila mteja kwa matumaini kwamba siku moja kati yao atapatikana mhalifu. Tazama jinsi Bunge lilivyoipima nguvu ya dola yenyewe: chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, polisi anayetaka kunasa mawasiliano ili kupata ushahidi wa ugaidi anapaswa kwanza kupata ridhaa ya Mwanasheria Mkuu, kisha amri ya mahakama. Kama mpelelezi wa ugaidi anapitia milango hiyo miwili, muuza vocha hawezi kujiruhusu mwenyewe.

Na pale dola ilipolazimisha kamera, iliomba picha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilizitaka intaneti kafe zifunge kamera za kurekodi yanayofanyika ndani na kutunza picha hizo kwa miezi 12. Zilizungumzia picha.

Kunasa mawasiliano: sheria isemwe kama ilivyo

Wakati mwingine wanaotetea faragha huvuta sheria kupita inapofika. Husemwa kwamba kamera yenye maikrofoni ni kosa la kunasa mawasiliano chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, au chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sheria hizo ni kali. Kifungu cha 120 cha ile ya 2010 kinatoa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Lakini kwa usomaji wangu, lengo lake ni mawasiliano yanayopita kwenye mitandao na mifumo: simu, ujumbe, data. Watu wawili wanaozungumza ana kwa ana kaunta hawajapitisha chochote kwenye mtandao. Mwendesha mashtaka atakayeanzia hapo atakuwa na kazi ngumu.

Mlango huo haujafungwa moja kwa moja. Mtu anayetegesha kifaa makusudi ili asikie simu za mpangaji wake, au anayeingilia mfumo wa kamera za mwenzake na kupakua sauti, amesogea karibu sana na makosa hayo, na mwingine amekwisha kuingia ndani. Hata hivyo, kwa duka la kawaida, njia iliyonyooka ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na Ibara ya 16. Anayedai haki yake aanzie hapo.

Tutenganishe pia mambo mawili yanayochanganywa. Mtu anayerekodi mazungumzo ambayo yeye mwenyewe ni mshiriki, kwa mfano mwananchi anayeombwa rushwa na kunasa ombi hilo ili alipeleke TAKUKURU, analinda haki yake katika jambo linalomhusu. Kifaa cha ukutani kinachosikiliza watu wasiozungumza na mwenye kifaa ni jambo jingine. Wa kwanza alisikia kwa masikio yake na anahifadhi alichosikia. Wa pili anayachukua maneno ambayo hakuambiwa. Baadhi ya majimbo ya Marekani, California likiwa mojawapo, yanataka kila mshiriki wa mazungumzo ya siri akubali kabla hayajarekodiwa, na mengine yanatosheka na ridhaa ya mmoja. Hata katika hayo ya pili, lazima awepo angalau mshiriki mmoja aliyekubali. Maikrofoni ya dukani, mwenye duka akiwa nyumbani kwake amelala, haina hata huyo mmoja.

Mahakamani sauti hupimwa

Wafanyabiashara wengi huiacha sauti iwashwe wakiamini kwamba itakuwa ushahidi mzito. Ni kweli kwamba sheria yetu inaupokea. Marekebisho ya mwaka 2007 yaliingiza katika Sheria ya Ushahidi kifungu cha 40A, kinachoruhusu katika mashauri ya jinai rekodi za sauti au picha za matendo, mwenendo au mazungumzo ya mshtakiwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inasema ushahidi hautakataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kisha inaipa mahakama vipimo vya kuupima uzito: je, njia iliyotumika kuutengeneza na kuutunza inaaminika, je, umebaki mzima bila kuchezewa, je, aliyeutoa anatambulika.

Hapo ndipo rekodi nyingi za madukani zinaanguka. Tukio limenaswa, lakini mwenye duka ameielekezea simu yake kwenye kioo cha televisheni, akarekodi kipande cha nusu dakika, akakituma kwenye kundi la WhatsApp, na polisi wamekipata kutoka kwa mtu wa tano. Saa ya mashine ilikuwa na makosa. Rekodi ya asili imekwisha kufutwa na mashine yenyewe kwa sababu diski ilijaa. Sauti katika kipande hicho ni ya feni, pikipiki na watu watatu wanaosema kwa pamoja. Kwa kesi ya wizi, picha safi yenye saa sahihi, iliyotolewa kwenye mashine na mtu anayeweza kuja kutoa ushahidi jinsi alivyoitoa, ina thamani kubwa kuliko saa nyingi za kelele.

Jingine la kukumbuka ni kwamba mahakama kupokea rekodi hakumaanishi kwamba aliyeirekodi ametakasika. Shauri la mwizi linaweza kwenda mbele, na wakati huohuo mteja ambaye mambo yake ya ndani yamesikika katika rekodi hiyohiyo akapeleka malalamiko yake Tume. Hayo ni mashauri mawili tofauti.

Kusambaza ndiko kunakoumiza

Madhara makubwa huanza rekodi inapotoka nje ya mashine. Sheria ya mwaka 2022 inamtia hatiani mkusanyaji anayetoa taarifa binafsi, bila sababu ya msingi, kwa namna isiyolingana na lengo la kuzikusanya. Kwa mtu binafsi adhabu ni faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini inaanzia shilingi milioni 1 na kufika bilioni 5. Aliyeumizwa anaweza pia kudai fidia.

Kenya, yenye sheria ya namna hii tangu mwaka 2019, imekwisha kuonyesha kwamba biashara za kawaida zinaguswa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa huko aliitoza baa ya Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na Shule ya Roma shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu. Sauti ya mteja anayezungumzia ndoa yake ingekuwa nzito zaidi.

Kuna uvujaji mwingine ambao mwenye duka hauoni. Kamera nyingi za kutazamwa kwa simu hutuma rekodi kwenye seva za kampuni iliyoitengeneza, nje ya nchi. Sheria yetu inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi kwenda nje, na kanuni za mwaka 2023 zimeweka utaratibu wa kuomba kibali cha Tume. Mfanyabiashara aliyenunua kamera na kukubali masharti ya programu bila kuyasoma huenda anasafirisha sauti za wateja wake kila siku. Na kama neno la siri ni lile la kiwandani ambalo fundi hakulibadilisha, hata asiyehusika kabisa anaweza kusikiliza.

Mfanyakazi naye ni mtu

Wenye maduka husema sauti inawasaidia kujua vijana wao wanavyowahudumia wateja. Hilo ni lengo linaloeleweka, lakini lina njia zisizovunja utu wa mtu. Muuzaji anayekaa kaunta kutwa nzima huzungumza na mwalimu wa mtoto wake, na daktari wake, na mwenzi wake. Kumrekodi yote hayo bila kumwambia ni kuchukua taarifa zake binafsi kwa siri. Mwajiri anayetaka kutumia rekodi hiyo kumwachisha kazi ajue kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi itamuuliza kama utaratibu ulikuwa wa haki, na mfanyakazi anayegundua kwamba alisikilizwa miezi sita bila taarifa atakuwa na hoja nzito. Mwajiri mwenye sababu ya kweli aiandike kwenye mkataba au sera ya kazi, amsomee mfanyakazi, na aachie mahali pa kupumzikia na pa kupigia simu pasipo kifaa.

Kuna sehemu ambazo maikrofoni haifai kabisa, hata kwa bango: chumba cha daktari au muuguzi, ofisi ya wakili, ambako sheria inalinda mazungumzo yake na mteja, ofisi ya mtendaji wa kata ambako watu hupeleka migogoro ya ndoa na ya mirathi, na mahali popote pa kubadilishia nguo au kulala.

Pale sauti inapostahili

Siikatai sauti kila mahali. Anayepiga simu huduma kwa wateja huambiwa mwanzoni kwamba mazungumzo yanarekodiwa, na anaweza kukata. Kituo cha mafuta cha usiku kwenye barabara kuu kinaweza kuwa na kitufe cha dharura ambacho mhudumu akikibonyeza sauti inaanza kunaswa, kwa sababu vitisho vya maneno ni sehemu ya unyang'anyi na picha haiwezi kuvisikia. Mifano hii inafanana katika mambo matatu: sauti ina sababu yake yenyewe tofauti na ya picha, anayerekodiwa ameambiwa au tukio lenyewe limeilazimu, na kurekodi kuna mwanzo na mwisho. Maikrofoni inayosikiliza saa 24 kwa sababu kiwanda kiliiacha wazi haina hata moja ya hayo.

Nini kifanyike

Kwa mwenye duka, mwite fundi au fungua programu mwenyewe, ingia kwenye mipangilio ya kila kamera na uzime kurekodi sauti, kisha cheza kipande cha leo uhakikishe kimya. Kwenye mifumo ya waya, angalia mipangilio ya mashine ya kurekodia vilevile. Badilisha neno la siri. Punguza siku za kutunza rekodi hadi zile unazozihitaji kweli. Rekodi ya tukio ikabidhiwe polisi kwa maandishi, isitumwe kwenye makundi. Jisajili Tume, kwa kuwa sheria inamtaka kila anayekusanya taarifa binafsi asajiliwe. Na bango lako liseme ukweli wote: "Eneo hili lina kamera za ulinzi. Tunarekodi picha, haturekodi sauti. Kwa maswali, muone meneja," pamoja na namba ya simu.

Kwa mafundi wa Korogwe na Handeni, nanyi mna nafasi kubwa kuliko wakili yeyote, kwa sababu ninyi ndio wa mwisho kugusa kifaa kabla hakijaanza kazi. Fungeni kamera sauti ikiwa imezimwa, na mteja akitaka iwashwe mwulizeni sababu na mwandikiane.

Kwa mteja, una haki ya kuuliza kama unarekodiwa sauti, kuomba kuziona taarifa zako, kupinga zisichakatwe, na kupeleka malalamiko Tume usiporidhika. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Kwa Tume na halmashauri zetu, elimu ya sheria hii isiishie kwenye kumbi za mikutano za Dodoma na Dar es Salaam. Mwongozo wa ukurasa mmoja kuhusu kamera na sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, ungeweza kutolewa pamoja na leseni ya biashara katika kila halmashauri. Muuza dawa wa Kilole akiupata mkononi siku anayolipia leseni, hatakuwa na haja ya kuijifunza sheria kwa kushtakiwa. Hadi siku hiyo, wajibu uko kwa aliyefunga kamera: azime maikrofoni leo.